Kuvua Besi Baada ya Umri wa Miaka 70

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka, katika ukumbi wa shule.



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba niseme machache, alipendekeza nieleze habari za miaka yangu 31 ya utumishi. Nilimjibu kwamba habari hizo zimo katika mafaili, na yeyote anayetafuta usingizi anaweza kwenda kuzisoma huko. Nikamwomba niseme juu ya samaki. Alikubali kwa sharti kwamba nisizidi dakika 25, na kwamba niseme jambo litakalowafaa wazee na vijana pia. Sharti la kwanza nitajitahidi kulitimiza. La pili mtaamua wenyewe.

Samaki ninayemsema ni besi. Wako wanaomwita "basi", lakini mimi nitasema besi, ili aliyekaa nyuma asije akadhani nazungumzia usafiri wa kwenda Nakuru. Si mwenyeji wa nchi hii. Kwao ni Amerika ya Kaskazini, toka nchi ya Maziwa Makuu ya huko mpaka Florida. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa mchezo, akaletwa tena baadaye, naye akastawi. Ana rangi ya kijani iliyofifia, mstari mweusi ubavuni, na mdomo mpana ajabu. Ukimtazama kwa mbele utadhani ni mdomo uliotiwa mkia. Pale Naivasha, besi wa kilo 1 au 2 anatosha kumfurahisha mtu. Huko kwao, mwaka 1932, mkulima mmoja kijana wa jimbo la Georgia, George Perry, alimvua mmoja aliyezidi kilo 10, na rekodi hiyo haikufikiwa na mtu mpaka mwaka 2009, Mjapani Manabu Kurita alipomvua mwingine katika Ziwa Biwa wa uzito karibu uleule, wakahesabiwa kuwa sawa. Husimuliwa kwamba siku ile Perry na rafiki yake walikuwa na mashua moja na ufito mmoja, wakipokezana. Habari hiyo ya kupokezana naomba muiweke akilini.

Mimi nilianza kumvua besi mwaka 1979, nikiwa na umri wa miaka 28. Tulikuwa tukiondoka Nairobi saa kumi alfajiri ili jua litukute tayari tumo majini. Tulisimama mashuani toka mapambazuko mpaka adhuhuri. Tulirusha mshipi mara moja kwa kila dakika, pengine zaidi. Ninyi mnaosoma hesabu mtaona kwamba saa 6 za namna hiyo ni mara 360, na kila mara bega, kiwiko na kifundo cha mkono vinafanya kazi. Jioni tulirudi tukiimba. Hakuna aliyetaja mgongo.

Vijana, niwaeleze kidogo kinachotokea mwilini, maana hata mkifundishwa katika somo la bayolojia hamtasikia mpaka yawafike. Lenzi ya jicho huwa ngumu, na mtu akifika miaka 45 hivi inambidi ausogeze uzi mbali na uso ndipo auone. Mboni nayo haipanuki kama zamani, kwa hiyo mwanga wa alfajiri unaomtosha kijana haumtoshi mzee. Misuli hupungua hata kwa mtu asiyeugua. Kiungo kilicho katika shina la kidole gumba hulika polepole mpaka mfupa ukasugua mfupa. Chombo cha usawa kilicho ndani ya sikio hudhoofika. Kiu yenyewe hupungua: mwili unataka maji lakini hausemi. Na mzee akiinuka ghafla baada ya kukaa sana, damu huchelewa kupanda kichwani. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo peke yake ni msiba. Lakini yatie yote ndani ya mashua nyembamba, juu ya maji yenye viboko, nayo yanakuwa hesabu ya namna nyingine.

Sasa, wazee wengi nguvu zikipungua huendelea na desturi zilezile, ila kwa kipimo kidogo. Aliyekuwa akivua saa 6 anavua saa 3. Aliyekuwa akirusha mita 30 anarusha 20, tena kwa maumivu. Mwaka unaofuata ni saa 2 na mita 15, mpaka siku moja anaona haina maana tena, anavigawa vyombo vyake na kuketi barazani. Kwa maoni yangu hiyo ni hesabu ya kutoa, na jawabu lake linajulikana tangu mwanzo. Afadhali mtu aachane na uvuvi wa ujana mara moja, kisha aanze uvuvi mwingine kabisa, uliokatwa kwa kipimo cha mwili alio nao leo. Fundi hodari haipunguzi suti ya zamani iliyochakaa, hukata mpya.

Kwa bahati njema besi ni samaki anayeliruhusu jambo hilo. Wako samaki wasiomruhusu mzee. Trauti wa mito ya Aberdare na Mlima Kenya humtaka mtu atembee juu ya mawe yenye utelezi na kupanda kingo. Magoti yakikataa, basi. Besi hazururi sana. Ni mviziaji. Hukaa kivulini, penye mafunjo, chini ya magugu yanayoelea, kando ya gogo, akingoja kinachopita. Na Naivasha ya leo imempa maficho tele. Wale waliokwenda huko miaka ya karibuni wameona jinsi ziwa lilivyopanda, hasa mwaka 2020, likaimeza migunga iliyokuwa nchi kavu. Miti ile imekufa ikiwa imesimama majini, mikavu, na ndege juu yake. Ni sura ya kusikitisha kwa mwenye shamba. Kwa besi ni nyumba. Maana yake ni kwamba samaki anaweza kuwa mita 8 tu kutoka ilipo mashua, na mwenye kurusha mita 30 anampita juu ya kichwa.

Nianze na mkono, kwa sababu ndio unaolalamika kwanza.

Ujanani nilitumia kigurudumu cha mshipi kinachokaa juu ya ufito, ambacho mtu hukizuia kwa kidole gumba kila anaporusha. Ni chombo cha hodari, nami nilikipenda. Lakini gumba lenye yabisi halikiwezi. Sasa natumia kile kinachoning'inia chini ya ufito. Kazi yote ya gumba inahamia kwenye kidole cha shahada, ambacho kwangu kingali kizima. Ufito wenyewe ni mwepesi na mfupi kuliko wa zamani. Mpini wake nimeuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ukawa mnene kama mpini wa jembe dogo. Msicheke. Mkono wenye yabisi huumia unapokaza kitu chembamba. Ukipewa kinene haulazimiki kufumbata sana. Daktari wangu alipoona alisema huwashauri wagonjwa wake wafanye hivyohivyo kwa vijiko na miswaki.

Wala sirushi tena kutoka juu ya bega. Naushusha ufito, nabembeza chambo kama mtu anayebembeza ndoo kamba ikiwa mkononi, kisha nakiachia kiende chini kwa chini juu ya maji. Bega halishughuliki. Na chambo kinachoingia majini namna hiyo hakipigi kishindo, kwa hiyo besi aliye karibu hashtuki.

Chambo ni nyungunyungu wa plastiki, mweusi au wa zambarau iliyokolea. Ndoana hupitishwa kichwani mwake, kisha ncha yake ikafichwa ndani ya mwili ili isinase kwenye matawi; mbele yake hukaa chubwi ndogo. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo kiini cha maneno yangu. Unamtupa kando ya mti. Unamwacha azame. Kisha hufanyi kitu. Unahesabu mpaka 20. Unainua ncha ya ufito kwa kadiri ya shubiri moja, unaishusha, unahesabu tena. Kijana hawezi kuvua hivi. Nimejaribu kuwafundisha wanangu, nao wakifika 7 wanavuta. Anayefaulu kwa nyungunyungu ni mtu ambaye mwili wake hautaki kufanya haraka. Zile mara 360 zimekuwa kama 40 kwa siku, na mkono unarudi nyumbani ukiwa unaweza kushika kikombe. Samaki nao wamepungua, sisemi uongo: pale nilipozoea kupata watano napata wawili au watatu. Lakini hawakupungua kwa kiasi kile kile.

Wakati mwingine besi anapochukua, mzee hasikii kwa vidole, maana vidole vimekufa ganzi. Kwa hiyo nimechagua mshipi wa rangi ya manjano, nao nautazama ulipoingia majini. Ukitembea pembeni bila upepo, si upepo. Hapo sikupui kwa kifundo. Nakunja kigurudumu mpaka mshipi unyooke, halafu nainua mkono mzima. Besi akinaswa huruka juu ya maji na kutikisa kichwa mdomo wazi, na mpaka leo moyo wangu huruka pamoja naye, jambo ambalo daktari yule sijamweleza.

Desturi ya wavuvi wa besi ni kumshika samaki kwa mdomo wa chini, gumba ndani na kidole nje. Hutulia kama aliyelala. Mwenye gumba bovu aliache hilo. Amwache samaki ndani ya wavu wa mkono, wavu ukiwa bado majini, amtoe ndoana kwa koleo. Na kile kijino cha ndoana akikandamize kwa koleo hilohilo kabla ya kuanza. Kitamsaidia samaki mdogo anayerudishwa, na kitamsaidia mzee zaidi: ngozi yetu ni nyembamba, na wengi wetu tunakunywa dawa za kuzuia damu isigande. Ndoana yenye kijino ikiingia mkononi mwa mtu kama huyo, saa moja na zaidi kutoka hospitali, siku imeharibika.

Sasa niseme juu ya kuketi. Hili ndilo lenye ubishi, nami nimebishana nalo katika mashua nyingi. Wavuvi wa besi hupenda kusimama. Wameona picha za Wamarekani wamesimama kwenye pua ya mashua, wakiiendesha kwa mguu. Na kila ninapomwambia mzee mwenzangu aketi, ananitajia Rick Clunn. Ni kweli: Clunn alizaliwa 1946, akashinda mashindano makubwa ya besi katika mto St. Johns, Florida, mwaka 2016 akiwa na miaka 69, akashinda tena mto uleule mwaka 2019 akiwa na miaka 72. Ni jambo la kuvuliwa kofia. Lakini mtu yule amekuwa mvuvi wa mashindano tangu miaka ya 1970. Usawa wake ni ufundi wa kazi, kama wa fundi wa paa. Wewe, ndugu yangu, miaka hiyo yote ulikuwa kwenye kiti cha ofisi, tena chenye magurudumu.

Tena kuketi kuna faida ambayo wanaosimama hawaijui. Samaki aliye chini ya maji huona vilivyo juu ya ukingo kwa pembe. Kinachosimama juu anakiona mapema, kilicho chini anachelewa kukiona. Mtu aliyeketi hukaribia zaidi kabla hajagunduliwa. Kwa hiyo aliyeketi hahitaji kurusha mbali. Mnaona jinsi jambo moja linavyobeba lingine.

Mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja hapa, jina silitaji kwa kuwa yumo ukumbini na anajua kucheka, alisimama asubuhi moja ili kumfikia samaki aliyeruka nyuma ya mti. Mashua ilikwenda upande mmoja naye akaenda mwingine. Maji yalikuwa ya baridi, kwa maana ziwa lile liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ilikuwa mwezi wa Julai. Alikuwa amevaa jaketi la kuelea. Kijana wa makasia akamshika kwa kola. Lakini kumrudisha mashuani hawakuweza. Mzee wa kilo 90 aliyelowa hapandi ubavu wa mashua. Ilibidi ashike ubao wa nyuma, akavutwa polepole mpaka penye maji ya kina kifupi, karibu dakika 15, na kwenye mafunjo ya upande ule viboko walikuwa wakikoroma. Hakuna aliyewaona. Walisikika tu, na kwa mtu aliyemo majini mpaka shingoni nadhani kusikia ni kubaya zaidi.

Baada ya siku ile aliviuza vyombo vyake. Alikaa nyumbani mwaka na nusu. Mkewe ndiye aliyetupigia simu, akasema, "Shemeji, njooni mmchukue huyu mtu, anaikagua sukari kila ninapopika chai." Tulimchukua. Hapandi mashua tena. Anavua akiwa gatini, kwenye kiti chenye mgongo, kwa kiboya na mshipi mfupi, na kwa kuwa kivuli cha gati nacho ni maficho ya besi, ziko siku anazotushinda sisi tuliomo ziwani. Siku hizo hunywi chai kwa amani karibu naye.

Hatari kubwa, hata hivyo, haiko katikati ya ziwa. Iko katika ile hatua moja ya kutoka gatini kuingia mashuani. Hapo ndipo mguu mmoja uko juu ya nchi na mwingine juu ya kitu kinachokimbia. Mzee asiruke. Aketi kwanza kwenye ukingo wa gati, aingize miguu yote miwili mashuani, kijana akiwa ameishika mashua isisogee, kisha ahamishe makalio, si miguu. Hakuna heshima katika jambo hili, lakini hakuna mvunjiko wa nyonga pia. Wakati wa kutoka ni kinyume chake, na kabla ya kuinuka akae akikunja na kukunjua vifundo vya miguu dakika 2 ili damu iamke. Mashua iwe pana, yenye sakafu bapa. Jaketi lifungwe toka gatini, si likaliwe kama mto.

Juu ya saa za kuvua nitasema kwa ufupi. Ile safari ya saa kumi alfajiri nimeiacha. Baridi ya mapambazuko ya Naivasha huingia katika viungo na haitoki mpaka kesho yake, na giza lile macho yangu hayaliwezi. Mchana upepo huanza, na ziwa lililokuwa kioo huwa na mawimbi. Jioni viboko hutoka kwenda malishoni. Kinachobaki ni toka saa mbili mpaka saa tano na nusu asubuhi, nayo inanitosha. Kofia pana, mikono mirefu, na maji ya kunywa kila nusu saa, kwa saa, bila kungoja kiu ambayo haiji. Leseni ya kuvua mfukoni.

Ziko pia dawa za shinikizo la damu, zile zinazomfanya mtu aende haja ndogo kila wakati. Najua wako wanaoacha kuzinywa siku ya safari ili wasipate aibu mashuani. Msifanye hivyo. Mwulizeni daktari kama saa ya kuzinywa inaweza kubadilishwa, wangu alikubali. Na mashuani kiwepo kikopo chenye kifuniko. Wavuvi wa bahari wamekuwa na kikopo tangu zamani na hakuna aliyewaandika gazetini.

Habari ya macho: mafundo yote nafunga nyumbani usiku wa kuamkia safari, chini ya taa, kitambaa cheupe kikiwa mezani ili mshipi uonekane. Nafunga vipande 10 vyenye ndoana, kila kimoja na kibanio mwishoni. Ziwani nabadilisha kwa kubana tu. Natumia fundo lile la kupitisha mshipi ukiwa umekunjwa mara mbili, kwa sababu vidole vinaweza kulifunga hata macho yakiwa yamefumbwa, na ndoana nanunua zenye tundu kubwa. Miwani ya jua iwe ya aina inayoondoa mng'ao wa maji. Inasaidia kuona vigogo, na inalinda macho na ndoana ya jirani.

Hilo la maji kuonekana halitutegemei sisi peke yetu. Ziwa limebadilika. Mwaka 1970 waliingizwa kamba wekundu wa Marekani, nao besi akawafanya chakula chake kikubwa. Magugu maji yakaonekana mwaka 1988. Karibu na mwaka 2001 akaingia karpi, samaki anayefukua tope, naye kwa miaka mingi ndiye aliyejaza nyavu za wavuvi. Tope likitifuka, besi anayewinda kwa macho hupata shida. Ndiyo sababu nikasema chambo cheusi: katika maji machafu kitu cheusi huonekana umbo lake vizuri zaidi. Na kwa sababu besi husikia mtikisiko kwa ule mstari wa ubavuni, ukimwekea chambo karibu atakipata hata asipokiona. Maji machafu nayo yanamtaka mtu wa mita 8.

Sasa narudi kwa George Perry na rafiki yake. Ujanani kila mtu alitaka mashua yake, na mwenye kwenda peke yake ndiye aliyehesabiwa kuwa mvuvi kamili. Mimi siendi peke yangu tena, na huo ndio mpaka mmoja ambao siupimi wala kuujadili. Ninaye kijana wa makasia, mzaliwa wa palepale, wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Yeye anapiga makasia, anasogeza mashua kwenye mti, ananiambia wapi alikosikia samaki akipiga maji. Mimi narusha. Nikichoka, namkabidhi ufito na mimi nashika kasia moja kuizuia mashua isizunguke. Wakati mwingine anamnasa yeye. Huniita Guka, na ninapotaka kuinuka husema, "Guka, keti," kwa sauti isiyo na ukali wala maombi. Miezi ya kwanza neno lile liliniuma kuliko gumba. Mtu aliyewahi kuamrisha ofisi nzima haambiwi keti na mtoto wa miaka 22. Halafu nilizoea, na sasa nikiwa nyumbani nikipanda kiti kubadilisha taa, nalisikia.

Namlipa ujira wa siku nzima hata tukirudi saa tano. Wazee mnaopatana bei na vijana kama hao mpaka shilingi ya mwisho, fikirini ni nani atakayewashika kola.

Nimebakiza jambo moja. Wanangu walitaka niache kabisa. Mke wangu hakutaka niache, lakini hakutaka pia niwe mwamuzi wa lini niache, kwa kuwa alisema mwamuzi asiwe mchezaji. Tukaandikiana. Kila tarehe 1 ya mwezi, jikoni, mbele yake, nafanya mambo mawili. La kwanza, naketi kwenye kigoda kile kifupi cha kupepetea mchele na kuinuka bila kushika kitu. La pili, nasimama kwa mguu mmoja, yeye akitazama saa. Nikishindwa kigoda, au nikishuka chini ya sekunde 10 kwa miezi miwili mfululizo, mashua imekwisha, nami nitakwenda kuketi gatini kando ya mwenzetu yule, nikubali masimango yake. Kijana wa makasia naye ana kura: akisema hapana asubuhi yoyote, hatuondoki, wala haulizwi sababu.

Tulipoanza nilikuwa nikifika sekunde 21. Mwezi uliopita nilifika 13.

Kwa hiyo gati nimeshaanza kulitengeneza. Nimeomba ruhusa kwa mwenye shamba, tumeongeza mbao pana mbili na reli ya kushikia upande wa jua. Nafasi iko ya viti vinne. Wazee wanaopenda waniandikie kupitia kwa Katibu. Safari ni Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na anayekuja na koti la mvua na chai yake anakaribishwa.

Ninyi wanafunzi, ule ufito wangu mrefu wa mwaka 1979, pamoja na kigurudumu chake cha juu, nimeuleta. Uko pale kwenye meza ya zawadi, umefungwa kwa gazeti. Nimemkabidhi mwalimu wa michezo, na atampa yule atakayeahidi kuutumia, si kuutundika ukutani. Kigurudumu kinataka mafuta kidogo, na pete ya tatu toka nchani ina mkwaruzo unaokata mshipi; isuguliwe kwa msasa laini kabla ya kutumiwa.

Nadhani nimezidisha dakika 2.